Mwanamume, Mwanamke na Kipimo cha Ulevi Katika Damu

Katika maabara za hospitali, mtu aliyepimwa damu hukabidhiwa karatasi yenye safu mbili za tarakimu. Safu ya kwanza huonyesha kiasi kilichopatikana katika damu yake. Safu ya pili, ambayo mara nyingi huwekwa ndani ya mabano, huonyesha kiasi kinachohesabiwa kuwa cha kawaida. Msomaji asiyekuwa mganga huzikazia macho tarakimu za kwanza na kuzipuuza za pili. Hata hivyo, ni hizo za pili zinazoamua kama mtu ataitwa mgonjwa au mzima.

Mfano ulio rahisi kuliko yote unajulikana na kila mwanafunzi wa biolojia. Watu wawili wamepimwa hemoglobini, na kila mmoja ameonekana kuwa na gramu 125 katika lita moja ya damu. Wa kwanza ni mwanamume. Wa pili ni mwanamke asiye mjamzito. Kwa kufuata vikomo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume huyo amepungukiwa damu, kwa kuwa kikomo chake ni gramu 130. Mwanamke hakupungukiwa, kwa kuwa kikomo chake ni gramu 120. Tarakimu ni ile ile, lakini maana zake ni mbili.

Makala haya yanaeleza jambo lililo karibu na hilo, ambalo limechukua muda mrefu zaidi kutambuliwa: tofauti kati ya mwanamume na mwanamke katika vipimo vya damu vinavyotumiwa kutafuta dalili za ulevi na uraibu, yaani hali ya mtu kushindwa kujizuia kutumia pombe, tumbaku au dawa za kulevya ingawa anaona wazi kwamba zinamdhuru.

Swali hili si la darasani tu. Huko Ujerumani, dereva aliyenyang'anywa leseni kwa sababu ya ulevi huweza kutakiwa kuleta ushahidi wa maabara kabla ya kurudishiwa. Mgonjwa anayesubiri kupandikizwa ini jipya huweza kupimwa ili ijulikane kama ameacha kunywa. Mama mjamzito huweza kupimwa kwa ajili ya kumlinda mtoto aliye tumboni. Katika kila hali kati ya hizo, tarakimu moja huweza kumpatia mtu haki yake au kumnyima. Kwa hiyo ni lazima kuuliza kikomo kilichotumika kilitokana na damu ya nani.

Nyayo za pombe

Pombe ya aina yo yote, iwe bia, mvinyo au gongo, hulevya kwa sababu ya kemikali moja iitwayo ethanoli. Ethanoli haikai mwilini kwa muda mrefu. Ini huivunjavunja saa kwa saa, na kwa kawaida kiasi kilichomo katika damu hupungua kwa karibu gramu 0.15 kwa kila kilo ya damu katika saa moja. Mtu aliyelewa jioni huweza kupimwa mchana wa siku ya pili na asionekane kuwa na ethanoli hata kidogo. Kwa sababu hiyo, kuipima ethanoli yenyewe hufaa barabarani, ambako polisi hutaka kujua hali ya dereva ya wakati ule ule. Hakuonyeshi kama mtu huyo hunywa kila siku au alikunywa siku moja tu.

Mwindaji asiyemwona mnyama hutafuta nyayo zake. Wanasayansi nao hutafuta nyayo za pombe katika damu, na nyayo hizo huitwa viashirio. Viashirio ni vya namna mbili. Vya namna ya kwanza ni mabadiliko ambayo mwili huyapata kwa kuzoea pombe, kama vile kuongezeka kwa kimeng'enya fulani cha ini. Vya namna ya pili ni kemikali zinazoundwa kutokana na ethanoli yenyewe, ambazo haziwezi kutokea pasipo ethanoli. Tofauti kati ya namna hizi mbili ni muhimu sana, kama itakavyoonekana mbele. Lakini kwanza yafaa kueleza kwa nini pombe ile ile haiingii kwa kiasi kimoja katika damu ya mume na ya mke.

Maji ya mwili

Ethanoli huyeyuka katika maji, wala haiyeyuki vizuri katika mafuta. Ikishanywewa huenea katika sehemu zote za mwili zenye maji. Katika mwili wa mwanamume mzima, maji ni karibu asilimia 60 ya uzito wake. Katika mwili wa mwanamke, ambao kwa wastani una mafuta mengi zaidi na misuli michache zaidi, maji ni asilimia 50 hadi 55. Ni sawa na kutia kijiko kimoja cha chumvi katika mitungi miwili isiyolingana: mtungi wenye maji machache hutoa maji yenye chumvi kali zaidi.

Mtu wa kwanza kulipima jambo hili kwa uangalifu alikuwa Erik Widmark, profesa wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1932 alionyesha kwamba kiasi cha ethanoli katika damu huweza kukadiriwa kwa kugawanya gramu za ethanoli kwa uzito wa mtu uliozidishwa kwa kigezo fulani. Kigezo hicho alikiona kuwa 0.68 kwa wanaume na 0.55 kwa wanawake.

Wanafunzi wanaweza kuifanya hesabu hiyo wenyewe. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za ethanoli. Chupa mbili zina gramu 40. Mwanamume wa kilo 70 akinywa chupa mbili kwa mara moja, damu yake itafikia 40 ÷ (70 × 0.68), yaani gramu 0.84 kwa kila kilo ya damu. Mwanamke mwenye uzito huo huo atafikia 40 ÷ (70 × 0.55), yaani gramu 1.04. Hiyo ni karibu robo zaidi, ingawa uzito ni mmoja na chupa ni zile zile. Na kwa kuwa wanawake wengi huwa wepesi kuliko wanaume, tofauti halisi huwa kubwa zaidi: mwanamke wa kilo 55 atafikia gramu 1.32.

Mwaka 1990 wachunguzi waliofanya kazi katika mji wa Trieste, Italia, waliongeza jambo jingine. Waliwapima wanaume 20 na wanawake 23, wakawapa ethanoli kwa kuinywa na, siku nyingine, kwa njia ya mshipa. Waligundua kwamba katika ngozi laini ya ndani ya mfuko wa chakula mna kimeng'enya kinachoanza kuivunja ethanoli kabla haijaingia katika damu, na kwamba nguvu ya kimeng'enya hicho ilikuwa ndogo zaidi kwa wanawake. Wataalamu wa baadaye wamebishana juu ya ukubwa wa kazi inayofanywa na mfuko wa chakula. Juu ya tofauti ya maji ya mwili, hakuna ubishi.

Matokeo yake yanaonekana hospitalini. Wanawake wanaokunywa sana hupata magonjwa ya ini kwa pombe kidogo zaidi na kwa miaka michache zaidi kuliko wanaume. Basi ingetazamiwa kwamba vipimo vya damu vingekuwa vyepesi zaidi kumtambua mwanamke aliye hatarini. Kwa muda mrefu, mambo yalikuwa kinyume.

Vipimo vya zamani

Kiashirio kilichotumika kwa muda mrefu kuliko vingine ni kimeng'enya kiitwacho gama-glutamili transiferesi, ambacho kwa kifupi huandikwa GGT. Ini likisumbuliwa na pombe kwa muda, kimeng'enya hiki huongezeka katika damu, na mtu akiacha kunywa hupungua kwa kadiri ya nusu katika wiki mbili au tatu. Upimaji wake ni wa gharama ndogo, nao hufanyika katika hospitali nyingi.

GGT ya kawaida si sawa kwa mume na mke. Vikomo vilivyochapishwa mwaka 2002 na shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kemia ya hospitali ni yuniti 55 katika lita kwa wanaume na yuniti 38 kwa wanawake. Tuseme mwanamke amepimwa na kuonekana ana yuniti 48. Kama maabara inatumia kikomo kimoja cha wanaume kwa watu wote, ataambiwa kwamba ini lake ni zima, naye atarudi nyumbani akiwa na dalili ambayo ilistahili kuchunguzwa. Hapa kosa halikufanywa na mashine wala na mpimaji. Kosa limo ndani ya mabano.

Ni lazima kuongeza kwamba GGT si shahidi wa pombe peke yake. Huongezeka pia kwa unene wa kupita kiasi, kwa magonjwa mengine ya ini, na kwa dawa kadhaa, zikiwamo dawa za kifafa kama fenitoini na fenobabitoni. Kwa hiyo GGT kubwa ni sababu ya kuuliza maswali. Haitoshi kumhukumu mtu.

Kiashirio cha pili cha zamani ni ukubwa wa chembe nyekundu za damu. Kwa kawaida chembe hizi huwa na ujazo wa femtolita 80 hadi 100, na kwa mtu anayekunywa sana kwa miezi mingi huongezeka ukubwa. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi karibu siku 120, kiashirio hiki huchelewa kuonekana na huchelewa kutoweka. Lakini upungufu wa madini ya chuma hufanya kinyume: huzifanya chembe ziwe ndogo. Wanawake walio katika umri wa kuzaa hupoteza chuma kwa hedhi na kwa uzazi, hivyo upungufu huo huwapata zaidi kuliko wanaume. Katika mwili wa mwanamke mwenye upungufu wa chuma ambaye pia hunywa sana, nguvu mbili huvutana, moja ikizikuza chembe na nyingine ikizipunguza. Karatasi ya maabara huweza kuonyesha kwamba chembe zake ni za kawaida, kumbe ana matatizo mawili yanayofichana.

Kisa cha transiferini

Mwaka 1976, Helena Stibler na mwenzake Kjellin wa Uswidi walitangaza jambo lililoleta matumaini makubwa. Katika damu mna protini iitwayo transiferini, ambayo kazi yake ni kuchukua madini ya chuma kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Protini hii hutengenezwa katika ini, nayo huwa imepachikwa minyororo mifupi ya sukari. Wachunguzi hao waligundua kwamba kwa watu wanaokunywa sana, baadhi ya transiferini hukosa sehemu ya minyororo hiyo. Transiferini hiyo iliyopungukiwa sukari huitwa kwa kifupi CDT.

CDT ilionekana kuwa shahidi bora kuliko GGT, kwa kuwa magonjwa mengi ya ini hayaiongezi. Kwa kawaida huanza kupanda kwa mtu anayekunywa gramu 50 hadi 80 za ethanoli kila siku kwa muda wa wiki mbili hivi, yaani chupa mbili na nusu hadi nne za bia iliyotajwa hapo juu. Akiacha, hurudi chini polepole kwa majuma kadhaa.

Lakini vipimo vilipoanza kutumika kwa watu wengi, tofauti ya mume na mke ilijitokeza. Wanawake, hata wale wasiokunywa kabisa, kwa kawaida wana CDT nyingi zaidi kuliko wanaume. Kipimo kimoja kilichoenea katika miaka ya 1990 kililazimika kuweka vikomo viwili: yuniti 20 katika lita kwa wanaume na yuniti 26 kwa wanawake. Hata baada ya marekebisho hayo, tafiti nyingi za miaka ile zilionyesha kwamba kipimo kiliwatambua wanaume wanaokunywa sana kwa urahisi zaidi kuliko wanawake wanaokunywa sana. Wanawake wengi waliohitaji msaada walipita bila kuonekana.

Upande wa pili wa kosa ulikuwa mbaya vile vile. Mwili ukipungukiwa chuma, ini hutengeneza transiferini nyingi zaidi ili kukusanya chuma kidogo kilichopo. Transiferini yote ikiongezeka, hata ile pungufu huongezeka pamoja nayo. Ujauzito nao huiongeza transiferini. Kwa hiyo mama mjamzito asiyeonja pombe maishani mwake huweza kuonekana, kwa kipimo cha aina hiyo, kana kwamba ni mlevi.

Dawa ya kosa hili ilipatikana katika hesabu. Badala ya kupima kiasi cha CDT peke yake, maabara zilianza kuipima kama sehemu ya transiferini yote. Mfano wa kubuni utalifafanua jambo hili. Mtu wa kwanza ana gramu 2 za transiferini katika lita, na kati ya hizo gramu 0.03 ni pungufu. Wa pili ana gramu 3, na pungufu ni gramu 0.045. Tukitazama kiasi peke yake, wa pili amemzidi wa kwanza kwa nusu. Tukitazama sehemu, wote wawili wana asilimia 1.5, na hakuna tofauti baina yao. Njia hii ya asilimia imepunguza sana tofauti ya mume na mke. Hata hivyo haijamaliza matatizo yote: katika ujauzito, sehemu hiyo nayo hupanda kadiri mimba inavyokua, na mganga asiyelijua jambo hili huweza kumtuhumu mama asiye na hatia.

Shahidi aliyetoka katika pombe yenyewe

Viashirio vilivyotajwa hadi sasa ni vya namna ya kwanza: vinaonyesha jinsi mwili ulivyosumbuka. Kwa kuwa miili hutofautiana, na viashirio navyo hutofautiana. Ndiyo sababu wachunguzi walianza kutafuta shahidi wa namna ya pili.

Mwaka 1983 wanasayansi wa Uswidi waliokuwa wakichunguza panya waliopewa ethanoli walikuta katika viungo vyao aina ya mafuta isiyo ya kawaida. Mafuta hayo ni fosfatidilethanoli, na kwa kifupi huandikwa PEth. Katika utando unaozunguka chembe za mwili mna kimeng'enya ambacho kwa kawaida hutumia maji katika kazi yake. Ethanoli ikiwapo, kimeng'enya hicho huichukua badala ya maji, na PEth huundwa. Pasipo ethanoli, PEth haiundwi. Hubaki katika utando wa chembe nyekundu, na huweza kuonekana hata wiki mbili hadi nne baada ya mtu kuacha kunywa.

Faida yake kwa suala la mume na mke ni dhahiri. PEth haitegemei kiasi cha chuma mwilini wala haitegemei ini kusumbuka. Mwaka 2022, wataalamu waliokutana Basel, Uswisi, walikubaliana juu ya vikomo vya kufasiri kipimo hiki: chini ya nanogramu 20 katika mililita moja ya damu hulingana na kutokunywa au kunywa kidogo sana, na kuanzia nanogramu 200 huashiria unywaji mzito. Vikomo hivyo ni vimoja kwa wanaume na wanawake.

Kipimo hiki kimejaribiwa hata katika Afrika ya Mashariki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wachunguzi wa Uganda na Marekani walifanya kazi Mbarara na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ili wasitegemee maneno matupu, waliwafuatilia washiriki kwa siku 21 kwa kipimo cha pumzi, kisha wakalinganisha matokeo na PEth katika damu. Katika kila watu 100 waliokunywa, PEth iliwatambua karibu 88. Tena hapakuonekana tofauti ya maana kati ya wanawake na wanaume. Kwa mara hii kipimo hakikuwapita wanawake pembeni.

Hata hivyo PEth nayo yataka kusomwa kwa akili. Kinachopimwa ni ethanoli iliyoifikia damu, wala si idadi ya chupa. Kama hesabu ya Widmark inavyoonyesha, chupa mbili hazileti ethanoli sawa katika damu ya kila mtu. Kwa hiyo mwanamume na mwanamke wenye PEth sawa hawakunywa lazima pombe sawa. Pia sampuli iliyohifadhiwa vibaya ikiwa bado ina ethanoli huweza kuendelea kuunda PEth ndani ya chupa ya maabara, na mtu aliyeongezewa damu huweza kupokea PEth ya mtu mwingine.

Mfano wa tumbaku

Tofauti hizi haziko kwenye pombe tu. Mtu anapovuta sigara, nikotini huingia katika damu yake, na ini huibadilisha kuwa kotinini. Kotinini hukaa muda mrefu zaidi kuliko nikotini, hivyo hutumiwa kama kiashirio cha uvutaji. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huchochewa na homoni ya kike, estrojeni. Kwa sababu hiyo wanawake huivunja nikotini na kotinini kwa haraka zaidi kuliko wanaume, na wanaotumia vidonge vya kuzuia mimba vyenye homoni hiyo huwa na haraka zaidi.

Katika ujauzito haraka hiyo huzidi sana. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 uliwapima wanawake wale wale wakati wa mimba na baada ya kujifungua. Muda wa kotinini kupungua kwa nusu, ambao kwa kawaida ni saa 16 hadi 18, ulishuka hadi karibu saa 9 wakati wa mimba. Maana yake ni kwamba mjamzito anayevuta sigara zile zile alizokuwa akivuta zamani huonyesha kotinini ndogo zaidi. Mkunga anayesoma tarakimu peke yake huweza kufurahi kwamba mama amepunguza kuvuta, na hali mtoto tumboni anapata moshi ule ule.

Kwa nini kosa lilidumu

Mtu huweza kuuliza kwa nini wataalamu hawakuyaona mambo haya mapema. Sababu moja ni jinsi watu waliopimwa walivyochaguliwa. Huko Marekani, tafiti nyingi za ulevi zilifanywa katika hospitali za askari wa zamani, ambao karibu wote walikuwa wanaume. Mwaka 1977 idara ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia dawa iliagiza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Nia ilikuwa kuwalinda watoto, hasa baada ya msiba wa dawa ya thalidomaidi. Matokeo yake yalikuwa kwamba elimu juu ya miili ya wanawake ilibaki nyuma. Agizo hilo liliondolewa mwaka 1993, na mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kutaka wanawake waingizwe katika tafiti za hospitali zinazogharimiwa na taasisi za afya za serikali hiyo.

Hesabu ndogo huonyesha jinsi uchaguzi wa watu unavyoweza kuficha ukweli. Tuseme wanaume 90 wana kiasi cha 20 cha kemikali fulani, na wanawake 10 wana kiasi cha 26. Wastani wa watu wote 100 ni 20.6. Wastani huo unakaribia sana ule wa wanaume, na hauwaelezi wanawake hata kidogo. Anayeuona wastani peke yake hawezi kujua kwamba ndani yake mna makundi mawili.

Sababu ya pili ni aibu. Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2016 kwamba wanawake ni theluthi moja ya watumiaji wa dawa za kulevya duniani, lakini ni sehemu moja tu ya tano ya wanaopata matibabu. Jamii humwita mwanamume mlevi, ikacheka. Mwanamke huitwa mama mbaya, naye hujificha. Asiyefika hospitalini hapimwi, na asiyepimwa hahesabiwi katika kuweka vikomo.

Upungufu huu unaathiri pia utafiti wa leo. Wanasayansi wa nchi mbalimbali wanatafuta kiashirio cha uraibu wenyewe, mbali na kiashirio cha kunywa au kuvuta. Wanachunguza homoni za mfadhaiko kama kotisoli, kemikali zinazoandamana na uvimbe mwilini, na protini zinazostawisha chembe za neva. Nyingi kati ya kemikali hizo hutofautiana kwa mume na mke, na nyingine hubadilika pamoja na mzunguko wa hedhi. Hakuna hata moja iliyokwisha kukubaliwa kuwa kipimo cha hospitali cha kutambua uraibu.

Tarakimu na mtu

Ndiyo kusema, hadi leo uraibu hautambuliwi kwa damu. Hutambuliwa kwa mazungumzo. Mwongozo wa waganga wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unataja dalili 11, kama vile kushindwa kupunguza, kutamani kupita kiasi na kuacha majukumu, na unataka angalau mbili zionekane katika miezi 12. Shirika la Afya Duniani lilitayarisha maswali 10 ya kupima unywaji, kwa kutumia utafiti wa nchi sita: Australia, Bulgaria, Kenya, Marekani, Meksiko na Norwei. Kila jibu hupewa alama, na mwenye alama 8 au zaidi huhesabiwa kuwa hatarini. Jambo la kutazamwa ni kwamba mwongozo wa maswali hayo wa mwaka 2001 unaeleza kuwa kikomo cha alama 7 kitasaidia kuwatambua vizuri zaidi wanawake, pamoja na wanaume waliozidi umri wa miaka 65. Hata kipimo cha maneno kilihitaji kuuliza kinampima nani.

Mwalimu atakayelifundisha somo hili anaweza kuwapa wanafunzi maswali matatu ya kuyauliza mbele ya tarakimu yo yote ya damu. Kikomo hiki kilitokana na damu ya watu gani? Je, kuna jambo jingine katika mwili wa mtu huyu, kama mimba, dawa au upungufu wa chuma, linaloweza kuipandisha au kuishusha tarakimu hii? Na je, kinachopimwa ni pombe yenyewe, ni madhara yake, au ni ugonjwa wa kuitegemea? Mwanafunzi akiyazoea maswali hayo matatu, atayatumia katika magonjwa mengi mengine.

Kila sampuli inayopelekwa maabara huandamana na fomu. Juu ya fomu hiyo huwa pana nafasi ndogo za kuandika jinsia, umri, ujauzito na dawa anazotumia mgonjwa, na mara nyingi, kwa wingi wa kazi, nafasi hizo huachwa tupu. Mwanamke mwenye GGT ya yuniti 48 na mama mjamzito aliyepandisha CDT bila kuonja pombe wote wawili hutegemea nafasi hizo. Zikijazwa, wa kwanza ataitwa arudi kuchunguzwa, na wa pili hatatuhumiwa kwa jambo asilolitenda.